Bibi Ndani, Mzee Nje

Alhamisi, jioni. Kakuma. Upepo tangu asubuhi, ule wa kuingiza vumbi hadi ndani ya chai. Hasira nayo imenijaa hadi hapa, shingoni.

Shajara, leo sina salamu ndefu. Ejok. Yaishie hapo.

Ninaandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, mlango wa kinyozi nimeufunga nusu, mashine inachajiwa. Kuna kijana amegonga, nimemwambia arudi kesho, na kichwa chake kilikuwa kinaomba msaada wa haraka. Mkitaka kujua nimekasirika kiasi gani, ni hivyo. Mimi Ekal, ambaye vijana wa Kalobeyei hupanda pikipiki kuja kunyolewa naye, nimefukuza kichwa.

Kwa wale wapya kwenye blogu hii: nina dada mdogo, anaitwa Akiru, ana miaka tisa. Jina lake ni la mvua, na mvua ndiyo iliyomharibia mambo. Msimu ule wa mafuriko, yeye na mama walikuwa wanavuka laga, mto wetu wa msimu. Ilikuwa kavu walipoanza kuvuka. Watu wa huku wanajua: mvua inanyesha milimani huko mbali, wewe hapa unaona jua tu, halafu maji yanakuja kama lori lisilo na breki. Akiru alikuwa ameishika leso ya mama. Walimkuta juu ya mti, na leso bado iko mkononi. Mama alipatikana siku iliyofuata, chini sana.

Tangu hapo Akiru haongei.

Akitaka maji anaonyesha kwa kidole. Wingu likija, hata lile jepesi la kupita tu, anapanda. Anapanda paa, anapanda tangi la maji la jirani, siku moja alipanda lori lililokuwa limeshawashwa injini, na nikakimbia nyuma yake nusu ya mji nikipiga mayowe kama mwizi anayejifukuza mwenyewe. Na usiku hapati usingizi mpaka ajifunge. Bibi, yaani mama ya mama, ndiye anayekaa naye kule kwetu upande wa Lopur. Bibi alichana ile leso akampa kipande kirefu. Ncha moja Akiru anafunga kwenye mkono wake, ncha nyingine kwenye mkono wa bibi. Bibi akitaka kutoka kwenda haja, wanatoka wawili. Mchana kipande kinabaki mkononi mwa Akiru, amekizungusha kama bangili.

Msidhani tulikaa tu. Emuron, mganga wetu wa jadi, alichinja mbuzi, akampaka Akiru udongo mweupe, akaongea na laga kwa lugha ya wakubwa. Pasta aliomba mpaka sauti ikakauka. Siwacheki. Wale walikuja nyumbani wenyewe, na hawakutuuliza tunatoka wapi.

Kuulizwa tunatoka wapi kulianzia Lodwar.

Nilimpeleka Lodwar mwenyewe, nikiwa nimevaa shati langu la harusi za watu. Katika ofisi moja huko nikaambiwa, ahaa, mnatoka Kakuma? Kakuma kuna mpango mzuri wa matibabu ya akili, wa watoto pamoja na familia zao, rudi huko. Nikarudi. Kwenye lango la kambi ya Kakuma nikaambiwa, ahaa, nyinyi ni wenyeji? Huu ni wa wakimbizi, wenyeji wanahudumiwa Lodwar. Nilisimama pale nikajiona mimi ni mpira, na nimepigwa na pande zote mbili, na hakuna hata mmoja aliyefunga goli.

Lakini mimi si wa kurudi nyumbani na aibu. Kidato cha pili niliacha, lakini mdomo sikuuacha shuleni. Nilimnyoa askari wa lango bure, fade ya kiwango cha Nairobi, mpaka wake zake wakaanza kumtazama upya. Askari akalainika. Akanipenyezea kwamba wenyeji wana nafasi chache, na kwamba madam anayezigawa hupita langoni asubuhi akiwa anakula maandazi, na mtu anayekula maandazi ni vigumu kukataa. Hivyo ndivyo Akiru alivyoingia. Si daktari aliyemwingiza, ni mashine ya kunyoa.

Na niseme ukweli hata kama leo nina hasira: mpango unasaidia. Kila Alhamisi Akiru anakaa na mtaalamu wao, Madam Purity, katika kontena lililokatwa madirisha, kuna feni, kuna midoli, kuna rangi. Mwanzoni alichora maji tu. Karatasi nzima ya bluu, na bluu ilipoisha akaendelea na kijani. Siku hizi anachora mbuzi. Wiki iliyopita wingu lilitokea, kila mtu nyumbani akasimama tayari kumkimbilia, naye akapanda kiti. Kiti tu. Akakaa pale juu mpaka wingu likapita, akashuka, akaendelea na uji wake.

Bibi aliingia ndani kulia. Mimi sikulia, nilikuwa na vumbi machoni.

Sasa sikilizeni tatizo. Mpango una sheria yake. Lazima kuwe na kikao cha familia nzima, wote wanaomlea mtoto wakae chumba kimoja, kwenye duara, waongee. Familia ikikosa kikao hicho mara mbili, nafasi inapewa mtoto mwingine, kwa sababu nje kuna foleni ya watoto ambao nao hawalali. Mara ya kwanza tulikosa. Mzee wangu, yaani baba, yuko na mifugo huko Lokiriama, na ujumbe wa kumwita ulifika baada ya kikao kupita. Leo ilikuwa mara ya pili.

Na hata mzee akifika kuna jambo moja ambalo Madam Purity halijui, maana yeye ametoka Kenya. Hivyo ndivyo tunavyosema huku, mtu wa Nairobi au Nakuru ametoka Kenya, kana kwamba sisi tuko nchi ya pili.

Mzee na bibi hawaonani.

Si ugomvi. Bibi ni mama mkwe wake, na kwetu, hasa kwa watu wa rika la mzee, mama mkwe hatazamwi usoni. Hamli pamoja, hamkai pamoja, ukimwona njiani unakata kushoto. Mzee akija nyumbani anakohoa kutoka mbali kama trekta, bibi anapata nafasi ya kuondoka. Lakini bibi anampikia. Anachemsha chai ya maziwa, anaifunika, anamtuma mtu ampelekee kule alipo. Zamani aliyetumwa alikuwa mama. Siku hizi anatumwa Akiru. Mzee akileta siagi au nyama, Akiru ndiye anayeipeleka kwa bibi. Wamekaa hivyo miaka yote na hawajawahi kukosana hata siku moja. Mimi nina wateja wanaoonana na mama wakwe wao kila siku, na niwaambieni, hawafurahi.

Kwa hiyo nikapanga mpango. Nilipokuwa naupanga nilijiona msomi kabisa. Mzee alipoingia Kakuma jana nilimwambia daktari anataka kumwona yeye na Akiru tu. Bibi nikamwambia mzee amechelewa njiani, ataenda yeye. Nikajiambia, wakishaingia kwenye kontena watafanyaje? Watakaa. Watu wazima hawawezi kukimbia.

Watu wazima wanaweza kukimbia.

Bibi na Akiru walikuwa wameshakaa kwenye viti vya plastiki. Madam Purity amekaa, kalamu iko tayari. Msaidizi wake Mama Furaha, mama wa Kikongo mwenye sauti ya kwaya, alikuwa anapanga midoli. Mzee akaingia na fimbo yake, kofia yake yenye unyoya, na kile kigoda chake cha mbao ambacho wazee wetu hawaachi, mchana wanakikalia, usiku wanalazia kichwa. Akamwona bibi. Sikuona shuka aliyojitanda ikipanda usoni, niliona tu ghafla mzee hana uso. Akageuka, akagonga mlango wa chuma, unyoya ukapinda, akatoka. Bibi naye alikuwa ameshajifunika leso kichwani na kugeuza kiti, anatazama ukuta.

Feni ilisikika vizuri sana.

Madam Purity akaniinamia, sauti ikawa ya chini. "Ekal. Bibi anamwogopa baba yako?"

"Hapana, madam. Anamheshimu."

"Amejifunika uso. Mabega yanatetemeka."

Nikamwangalia bibi. Ni kweli yalikuwa yanatetemeka. "Anacheka, madam," nikasema, ingawa kwa kweli sikuwa na hakika kama anacheka au anapanga kunichapa. Kutoka chini ya leso ikaja sauti, kwa Kiturkana: "Mjinga huyu. Ametukusanya kama mbuzi wa kuogeshwa dawa."

Madam akanitoa nje. Akataka kuongea na bibi peke yake, na bibi ana Kiswahili cha kuuza makaa, kinamtosha. Nilisikiliza mlangoni. Ni kinyozi mimi, kusikiliza ni kazi yangu.

"Bibi, usiogope. Huyu mwanaume amewahi kukupiga?"

"Atanipiga aje? Hata sura yake sijui."

"Humjui?"

"Namjua sana. Ni mkwe yangu mzuri. Lakini toka aoe binti yangu sijamwangalia."

Nikasikia kalamu ikiandika, na moyo wangu ukashuka hadi kwenye sandali. Halafu madam, kwa upole kabisa: "Lakini bibi, pole, binti yako si ameshafariki? Basi huyu si mkwe tena."

"Binti ndiye alikufa," bibi akasema. "Ndoa haikufa."

Mama Furaha akacheka kwa ndani, ule mcheko wa kufunika mdomo. Akatoka na beseni la midoli, akaniona nimebandika sikio. "Petit," akaniambia, yaani mdogo wangu kwa Kifaransa chao, "hata kwetu Congo iko hivi hivi. Mama mkwe ni wa kukimbia. Wewe ulifikiri nini?"

Nilifikiri nini. Swali zuri. Nilifikiri mimi ni mjanja kuliko wazee wote wa Turkana wakiwekwa pamoja.

Nikaenda kumtafuta mzee. Alikuwa ameweka kigoda chake nje ya kontena, chini ya dirisha, kwenye kivuli chembamba kama mkanda. Anaunyoosha unyoya wake kwa vidole. Nikamwambia ukweli wote sasa, kwamba asipoingia hii ni mara ya pili, na Akiru anatolewa, na sina mlango mwingine wa kugonga, Lodwar wala wapi. Nilimwambia kuhusu wingu na kiti.

Akasema, "Kumbe anapanda kiti tu siku hizi?"

"Kiti tu."

"Basi huyo daktari aulize. Nitajibu kutoka hapa. Nasikia vizuri."

Ndivyo tulivyoanza. Bibi ndani anatazama ukuta, mzee nje chini ya dirisha, Akiru katikati ya chumba kwenye kiti chake, na mimi dirishani, kichwa nje, mwili ndani, natafsiri. Sijawahi kujiona mjinga kiasi kile, na nimeshawahi kunyoa mtu nusu kichwa umeme ukakatika.

Madam Purity akasema tujaribu, tuone. "Muulize baba anajisikiaje leo."

Nikauliza. Mzee akasema, "Mwambie jua limenifikia magotini."

"Anasema kuna jua, madam."

"Namaanisha moyoni."

Nikauliza tena. Mzee akaniangalia kutoka chini kama vile nimemuuliza rangi ya soksi zake. Kwa emuron, akasema, alikaa, mbuzi akachinjwa, na hakuna aliyemuuliza moyo wake uko wapi, maana kila mtu aliujua uko wapi.

Hilo nililitafsiri. Madam hakuliandika.

Halafu bibi akaongea. Hakuongea na mzee. Ukutani kumebandikwa picha za nyuso, ya kucheka, ya kulia, ya hasira, watoto huonyesha wanavyojisikia. Bibi aliongea na nyuso zile, pole pole, kwa Kiturkana.

"Kuna mtu anayekuja kutoka Lokiriama, anakaa siku mbili, anaondoka. Akiondoka huyu mtoto hali. Huyo mtu anafikiri mimi namlaumu, ndiyo maana hakai. Simlaumu. Nimechoka kufunika chai isiyo na wa kuinywa."

Upepo ulikuwa unapiga mchanga kwenye chuma cha kontena. Nikatazama chini, mzee alikuwa ameinama, anaongea na fimbo yake, lakini kwa sauti ya kufika ndani.

"Kuna mama alinipa binti. Asubuhi ile binti huyo alisema tuvuke wote watatu. Nikamwambia mbuzi hawajanywa, tangulia na mtoto. Hata desturi ikinikubalia kumtazama huyo mama, mimi sitaweza."

Sikuwahi kuyasikia hayo. Wala bibi hakuwahi, niliona mgongo wake. Mimi ambaye wateja hunilipa ninyamaze, sikuongeza neno langu hata moja. Nikatafsiri yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na sauti yangu ilifanya mambo ambayo sitayaandika hapa kwa sababu kuna wasichana wanaosoma hii blogu.

Madam Purity aliacha kalamu. Macho yake yalikuwa mazuri kwa wakati huo, sitadanganya. Akasema, "Hili ni kubwa sana, Ekal. Ndilo tulilokuwa tunalingoja. Sasa mwambie aingie, alirudie humu ndani, wakiangaliana."

Wakiangaliana.

Shajara, hapo ndipo niliposhindwa. Nikamwambia, madam, amelisema kwa sababu kuna ukuta. Ondoa ukuta, na lenyewe linaondoka. Akasema anaelewa utamaduni, lakini uponyaji wa familia unahitaji watu wakutane, watazamane, mtoto aone. Nikasema mtoto ameona, mtoto si kipofu, hajaongea tu. Akasema hizo ndizo taratibu, si yeye aliyezitunga. Nikamuuliza ni nani aliyezitunga na kama anakaa karibu nikamtembelee. Sauti yangu ilikuwa imepanda. Mama Furaha akasema, "Petit, tulia kidogo," na mimi sikutulia hata kidogo, nilisema mambo kuhusu watu wa Kenya ambayo kesho itabidi nimpelekee madam maandazi.

Kwa sababu tulikuwa tunabishana, hatukumwona Akiru akishuka kwenye kiti.

Niliposhtuka alikuwa tayari amefungua kile kipande cha leso mkononi mwake. Akafunga ncha moja kwenye mkono wa bibi, fundo lake lile lile la kila usiku. Akatembea na ncha nyingine kuelekea dirishani. Hakikufika. Akasimama pale amekivuta mpaka kikakaza, anatazama dirisha, anatazama bibi.

Na bibi, bila kugeuka, bila kufunua uso, akanyanyuka kidogo na kiti kikiwa nyuma yake, akaanza kurudi kinyumenyume. Hatua ndogo. Kiti cha plastiki kinalia sakafuni. Bibi yangu, mtu mzima na shanga zake zote, anaendesha kiti kwa rivasi kuvuka chumba, macho kwenye picha ya uso unaocheka. Akaja mpaka mgongo wake ukakaribia dirisha. Akakaa.

Akiru akapanda kiti kilichokuwa karibu yangu. Akanisukuma kichwa kando, kama unavyosukuma pazia. Akatoa mkono nje.

Mzee hakutazama juu. Mkono wake ulipanda tu, ukapapasa hewani, ukakutana na leso. Akaizungusha kwenye kiganja, mara moja, mara ya pili. Akashika.

Akiru akakaa kwenye kizingiti cha dirisha, mguu mmoja ndani, mmoja nje, leso imepita juu ya mapaja yake. Huko nje vumbi lilikuwa limefunika jua, anga imekuwa ya kahawia, anga ile ambayo siku nyingine ingempeleka juu ya paa. Aliitazama. Akabaki pale pale.

Tulikaa hivyo mpaka familia iliyokuwa inafuata ikabisha hodi.

Madam Purity akasimama. Alikuwa ameona yote, hilo nampa. Akaniambia kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Sina mahali pa kuandika hii, Ekal. Wakubwa wataniuliza, baba aliingia chumbani au hakuingia."

"Mkono uliingia, madam."

Karibu acheke. Akajizuia, na hapo ndipo nilipojua kwamba tumepoteza. Akasema ataomba tupewe Alhamisi moja tu zaidi, kwa jina lake mwenyewe, na hiyo ikipita basi. Lakini ni lazima wote wawe ndani. Ndani ya chumba, si dirishani. Nikamwambia mzee anarudi Lokiriama leo jioni, kule kuna ng'ombe na kuna wasiwasi wa wezi wa ng'ombe, hawezi kukaa wiki nzima hapa akingoja duara la viti. Akasema anaelewa. Kila mtu anaelewa. Sijaona watu wanaoelewa kama hawa.

Hicho ndicho kinachonichoma. Ingekuwa ni mtu mbaya ningemnunia na kulala vizuri. Lakini ni mtu mzuri mwenye chumba kimoja na sheria moja, na dada yangu ametibiwa leo mbele ya macho yake, kabisa, kuliko siku zote, na inahesabiwa kwamba hatukuhudhuria vizuri.

Tulipotoka bibi alifungua ncha yake, akatangulia na Akiru kwa njia ya nyuma. Mzee akasimama na kigoda chake. Leso ilikuwa bado imezunguka mkononi mwake. Nilidhani Akiru atarudi kuidai, maana hajawahi kuachana nayo tangu laga. Alitembea hatua chache, akageuka, akaangalia ule mkono. Halafu akamfuata bibi.

Hakuidai.

Mzee naye hakuuliza kitu. Aliniambia tu, "Siku nyingine usinidanganye kama mtoto." Nikasema sawa, mzee. Akasema, "Na bibi yako usimdanganye. Ni mtu mkubwa." Akaenda kungoja gari la Lodwar, alale huko, alfajiri atafute lori la kupanda Lokiriama.

Sasa nimekaa hapa na ninafikiria, na nikifikiria mimi huwa kuna matokeo. Wamesema ndani ya chumba. Sawa. Hawakusema chumba kisiwe na pazia. Hapa kinyozi nina vile vitambaa ninavyofunikia wateja, vyeusi, safi, virefu. Nikiunganisha vinne kwa cherehani ya jirani, napata ukuta. Napigilia kamba kutoka ukuta mmoja wa kontena hadi mwingine, askari wa lango ataniruhusu au arudi kufuga nywele. Bibi ndani, upande wa nyuso. Mzee ndani, upande wa mlango. Akiru akae anapopenda. Madam akae na kalamu yake katikati kama refa. Wote wako chumbani. Aandike hivyo, na aandike kwa herufi kubwa.

Ila pazia halina maana kama upande wa pili hakuna mtu.

Kutoka kwenye kiti hiki naona stendi vizuri. Makanga amekuwa akiita kwa muda, Lodwar, Lodwar, mmoja tu. Mzee amesimama pale na fimbo na kigoda, unyoya bado umepinda. Makanga amemshika bega, amemwonyesha kiti cha mbele, kile cha heshima. Mzee ametazama gari. Ametazama mkono wake.

Nimeacha kuandika kidogo.

Gari limeondoka. Kiti cha mbele kimekaliwa na mama mwenye gunia la mkaa. Mzee amevuka barabara, anatembea kuelekea Lopur, na nikitega sikio, hata kwa upepo huu, ninasikia jinsi anavyoanza kukohoa mapema, kutoka mbali kabisa, ili bibi ajue aweke chai.

Kitambaa ninacho. Kesho ninatafuta misumari.